Usiifie Betri

Mwamini mwanangu,

Salamu hatuna haja nazo, maana tumetoka kula sahani moja na vidole vyako bado vinanuka mboga ya sombe. Hali yangu ni hasira. Nimekasirika tangu alasiri, wageni walipokuja kukuaga, mjomba wako akaanza tena hadithi ya baba yako na nyundo, nawe ukainua betri ya mashine juu ya vichwa vya watu ukasema, "Hii betri, waniue kwanza njo waipate." Wakapiga makofi. Baba yako aliangalia sahani yake. Mimi nikaondoka, ukadhani nimekwenda kutazama chungu. Nilikwenda jikoni kwa sababu ningebaki ningekuzaba kofi mbele ya mjomba wako, na msichana anayeondoka kesho kwenda kazini hazabwi kofi mbele ya wageni. Basi nimechukua kalamu.

Ya kula, ya kulala, ya kuswali na ya wanaume wa Salamabila uendako sitayaandika. Ukisikia njaa utakula. Wanaume nilikwisha kukuambia, ukacheka mpaka ukakohoa. Naandika juu ya mashine ya kutoboa utakayoipakata kesho nyuma ya motari kwenye pikipiki yake, na juu ya betri yake, na juu ya hilo neno lako. Sitaki uvuke kuingia upande wa Kabambare, iliko Salamabila, ukiwa umelibeba.

Mashine unaijua. Baba yako amekufundisha kwa mdomo na kwa ule mkono wake mmoja wa kushoto, na wale wenye maduka mapya Salamabila hawakukuita kwa uzuri wa sura, walikuita kwa sababu milango yako inafunga. Lakini kujua mashine inavyotoboa mbao ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kujua inavyotoboa mtu, na hiyo mimi ndiye niliyeisomea.

Chini ya kilemba changu, karibu na utosi, pana mahali pasipoota nywele. Ulipokuwa mtoto nilikuambia ni ndoo za maji. Ni meshi, kile chuma cha kutobolea. Nilikuwa mke wa fundi niliyechoka kushikilia mbao na kufagia maranda, nikamwambia baba yako, "Leo miye." Nikainama juu ya ubao nione tundu vizuri, ncha ya kilemba ikaning'inia, meshi ikaidaka. Ilikunja kitambaa, ikafuata msuko, ikanivuta kichwa mpaka paji la uso likagonga mashine. Na kidole changu, badala ya kuachia swichi, kikazidi kuibana. Mtu akiogopa hukaza. Ningelikumbuka hilo siku nyingine nilipolihitaji zaidi, baba yako angekuwa na mikono miwili.

Siku ile hakunivuta mimi wala hakuvuta mashine. Alichomoa betri. Kelele ikakatika, na kipande cha ngozi yangu kikabaki kwenye meshi pamoja na nywele zake. Ndiyo maana kila unapobadilisha meshi betri ikiwa bado ndani nakupigia makelele kutoka ng'ambo ya uwanja, hata majirani wanajua leo Mwamini anabadilisha meshi. Waache wajue. Chomoa kwanza.

Nawe una lako, usijifanye. Ulikiweka kipande kidogo cha ubao juu ya paja kwa uvivu wa kukifunga mezani, meshi ikapita ubao ikaendelea na safari. Damu ilijaa kiatu. Ulilia ukisema mashine imeteleza. Haikuteleza, ilifanya ulichoiambia, kwa sababu haijui ubao unaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Funga ubao mezani hata kama ni mdogo na mwenye kazi amesimama anakuharakisha. Na kwenye mti mgumu, meshi ikikwama, mashine yenyewe ndiyo itakayozunguka na kifundo cha mkono kitaifuata. Shika kwa mikono miwili, achanisha miguu, na usisukume kwa hasira. Mimi nimewahi kusukuma kwa hasira huku nawaza maneno ya wifi yangu. Meshi ilivunjika, kipande kikanikosa jicho kikaingia shavuni, na wifi yangu mpaka leo ananiuliza kovu hili la nini. Vaa miwani, hata kama vijana wa machimboni watakuita dokta.

Sasa betri. Sisi watu wa huku tumelelewa na betri za tochi. Zikichoka tunazianika juu ya bati, tunaziuma kwa meno, tunazisogeza karibu na makaa, nazo zinaamka, redio inasema maneno machache kabla ya kufa kabisa. Bibi yako alisikiliza habari za dunia kwa njia hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo betri yetu ya kwanza ya mashine ilipozima katikati ya kazi, na mawingu yamefunika sola, nilifanya alivyonifundisha mama yangu. Niliiweka kando ya mbabula, makaa yakiwa mekundu, nikaenda kuteka maji.

Niliposikia mlio nilidhani ni tairi ya lori. Nilirudi mbio nikakuta betri imepasuka, inatema moto kama inamtukana mtu, na maranda ya karakana nzima yameshika. Hakuna aliyeweza kukaribia. Moshi wake ulikuwa mkali, watu walitapika. Na ndani ya karakana mlikuwa na jeneza la mzee mmoja Mkristo, limekwisha kupigwa vanishi, linangoja watoto wake waje kulichukua adhuhuri ile ile. Walikuja wakakuta majivu. Walimpiga baba yako kwa mbao zilizosalia, kisha kwa ngumi na mateke, wanalia msiba huku wanampiga, na mmoja akanikaba koo akaniuliza baba yake atalala ndani ya nini. Mzee wao walimzika kwa mkeka.

Baba yako, na mbavu zake zilizovunjika, hakusema hata mara moja kwamba mimi ndiye niliyeiweka ile betri kwenye moto. Walimwita mchawi, akanyamaza. Walimtemea mate, akanyamaza. Nilimpenda kwa kunyamaza kule kuliko nilivyompenda siku ya harusi. Na kuanzia hapo nikawa naamini kwamba akinyamaza, ana sababu.

Kwa hiyo hii betri usiichukulie kama ya tochi. Usiianike, usiipeleke karibu na moto, usiiache juu ya kiti cha pikipiki jua likiwaka. Ikitoka kazini na joto lake iache ipoe kivulini ndipo uichaji, kwa chaja yake mwenyewe, mahali unapoiona. Usiwape vijana wanaochaji simu waiunganishe kwa nyaya, na usiichaji juu ya godoro ukaenda sokoni kupiga soga. Usiitupe kwenye mfuko mmoja na misumari, maana misumari ikigusa zile shaba zake itakuwakia mgongoni. Ikianza kupunguza nguvu, simama, usiikamue mpaka tone la mwisho. Na ikivimba, itoe nje mbali na watu wala usiifungue kutazama ndani. Haya ndiyo mambo ya kuilinda, na ninataka uilinde hivyo kila siku. Jua na maji na misumari havina huruma, lakini pia havina bunduki.

Maana sisi tulipopata betri ya pili tulizidisha. Tulijiwekea sheria kwamba mashine na betri havikai kwa mtu mmoja. Kazi ikisimama, hata kwa kunywa maji, baba yako anabaki na mashine, mimi nachukua betri naifunga ndani ya kitenge, tumboni. Mwizi akikimbia na mashine, amekimbia na uzito mtupu, na kesho ataitupa. Mafundi wengi wa Kasongo wanafanya hivi, na wewe umekua ukiona hivi, ukadhani ni desturi ya tangu mababu. Ni sisi. Nilijisifu kwa akili hiyo mbele ya wanawake wenzangu, na ndiyo iliyotuponza.

Mjomba wako huanza hadithi kwenye nyundo. Mimi nitaanza kabla kidogo, na nitaimaliza, maana yeye haimalizi.

Wewe ulikuwa kwa bibi yako. Sisi tulikuwa upande wa Lusangi, tunaweka milango ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda, tumesimama kidogo tunakunywa chai. Betri nilikuwa nayo tumboni, bado ina joto la kazi. Wakaingia watu wenye bunduki. Ni nani na walitumwa na nani sijui, na sikuwahi kutafuta kujua. Walikuwa vijana. Mmoja alikuwa na viatu visivyofanana.

"Tumesikia mashine inalia," akasema. "Mulete."

Baba yako akawapa. Yule kijana akabonyeza, kimya. Akaipiga kwa kiganja, akabonyeza tena.

"Hii inakufa. Betri yake iko wapi?"

Baba yako hakujibu.

"Papa, niko nakuuliza na heshima. Betri iko wapi?"

Hakujibu. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaanguka ndani ya kikombe cha chai. Hapo akaniangalia. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la maranda, magoti nimeyabana, mikono nimeifumba juu ya kitenge. Aliniangalia kwa macho makubwa, mekundu, nami nikayasoma. Nikajiambia, huyu ananiambia nishike. Siku ya jeneza alinyamaza kwa ajili yangu, leo ananyamaza kwa ajili ya chakula chetu, sitamwaibisha mimi.

Wakalaza mlango wetu chini, mlango mpya. Wakambana mmoja miguu, mmoja mabega, wakaweka mkono wake wa kulia juu ya ubao. Yule wa viatu visivyofanana akachukua nyundo yetu wenyewe, akaanza na kidole kidogo.

Mjomba wako huuiga ule mlio kwa kugonga meza, na watu hushtuka wakafurahi. Hajui. Pigo la kwanza lina mlio wa kuni kavu. Yanayofuata hayana mlio huo tena, kwa sababu mfupa umekwisha kusagika, ni nyama na mbao tu, na damu inayoruka inakuingia kinywani ukiwa mbali hivyo. Walipiga wakauliza. Alifungua kinywa, kikabaki wazi, akaniangalia. Walihamia kidole kingine, wakapiga, wakauliza, akaniangalia. Na kila alipoangalia upande wangu mimi nilizidi kukaza kitenge. Nilisikia pembe ya betri inanichoma ubavuni. Niliomba Mungu anipe nguvu ya kuendelea, Mwamini, ndiyo dua niliyoomba.

Walipofika kwenye kidole gumba sikuweza tena. Nikafungua kitenge.

"Iko huku," nikasema.

Yule kijana alisimama na nyundo mkononi. Hata hakukasirika. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa kweli, "Mama, wakati hii yote ulikuwa nayo?"

Akaipachika. Mashine ikalia. Akatoboa tundu moja kwenye mlango, kando ya kile kilichobaki cha mkono wa baba yako, kuona kama inafanya kazi. Ilifanya. Wakaondoka na mashine na betri na nyundo. Hospitali walimaliza kwa kukata kwenye kifundo. Betri waliipata, umesikia? Sehemu hiyo mjomba wako huiruka, na mji mzima unairuka pamoja naye. Wanasema tu, "Ule mwanaume hakusema." Sokoni humpa kiti, humnunulia chai, vijana husimama akipita. Umekulia ndani ya hadithi hiyo, na leo nimekusikia ukijipimia nguo yake.

Ulipokwenda kuwaaga wenzako, nilimkuta baba yako bado amekaa pale pale, sahani haijaguswa. Nilimwendea vibaya, sikufichi.

"Mutoto wako anaenda kufa juu ya hadithi yako," nikamwambia. "Wakirudia leo, utanyamaza tena?"

"Sikunyamaza."

"Haukunyamaza vipi? Miye nilikuwa pale."

"Sauti ilikataa kutoka." Alisema akitazama kigutu chake. "Nilifungua kinywa niwaambie, haikutoka. Niliogopa, Mama Mwamini. Nilijikojolea. Watu wanasema nilikataa. Sikukataa kitu."

Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza miaka hii yote, kwa sababu nilidhani najua jibu lake.

"Na ile kuniangalia?"

"Nilikuwa nakuomba uitoe."

Mwanangu, nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kwa nguvu zangu zote za kukata mbao, naye hakujikinga. Nilimpiga kwa sababu miaka yote nimelala kando yake nikijisifu kimoyomoyo kwamba nilimtii. Kila nilipomfunga vifungo vya shati nilijiambia, huu ni mkono tulioutoa sisi wawili kwa makubaliano. Hapakuwa na makubaliano. Palikuwa na mtu anayeniomba kwa macho, na mimi nakaza fundo. Nilipochoka nilikishika kile kigutu nikakilaza tumboni mwangu, tukalia, hata sikumbuki nani alianza. Nina aibu, nina hasira, na ninampenda, vyote kwa pamoja.

Nilimwambia akuambie mwenyewe kabla hujaondoka. Akatikisa kichwa. "Umuandikie mutoto," akasema. "Nikienda kumwambia, sauti itakataa tena."

Basi nimekuandikia. Ile sheria yetu ya kutenganisha mashine na betri, mimi niliyeianzisha naifuta. Kesho betri itakaa kwenye begi moja na mashine, imezungushiwa kitambaa chake, mahali mkono wa mtu yeyote unaweza kuifikia. Usiifunge tumboni, usiizike, usimpe mwenzako akufichie. Mtu akitaka mashine na ana silaha, mpe mashine na betri na chaja, na akisahau meshi mkumbushe. Wenye maduka watakasirika. Waache wakasirike, wao wana vidole. Ukirudi Kasongo mikono mitupu nitakutukana kidogo, kwa mazoea, kisha nitakupakulia. Baba yako atakufundisha kutoboa kwa keekee ya mkono, pole pole, kama walivyotoboa wazee wake kabla ya betri kuingia mji huu.

Na usingoje mtu akupe ishara. Siku hiyo hutamwelewa mtu, wala mtu hatakuelewa wewe. Macho ya mtu anayeogopa hayasomeki, hata kama umelala naye kitanda kimoja na kumzalia mtoto. Litakalokuokoa ni neno la kinywani mwako, na ni moja tu, "Chukueni." Kulisema ni kazi kuliko unavyodhani. Baba yako, mwanaume niliyemwona akipigwa na ukoo mzima bila kulia, neno hilo lilimshinda. Mimi nililisema nikiwa nimechelewa kidole kimoja baada ya kingine.

Barua hii nitaisukuma chini ya mlango wako kabla motari hajapiga honi. Utaisoma umekaa kitandani, najua, na mguu mmoja ndani ya kiatu. Ukifika hapa, acha kusoma, ulitamke hilo neno kwa sauti. Mimi na baba yako tumesimama upande huu wa mlango. Ukilisema kwa kunong'ona, rudia. Motari atangoja, na mlango wa barabarani hatuufungui mpaka tulisikie.

Mama yako